Mzee wa Popo na Matundu Saba ya Dranya

Arua nzima ilimwita Mzee wa Popo, na wengi waliomwita hivyo hawakuwa wakimsifu. Mimi nilifanya naye kazi miaka kumi na miwili. Nilimwandikia daftari, nikamshikia ngazi, nikamkemea alipostahili kukemewa, kwa hiyo mkinisikia namsema vibaya mjue haki hiyo ninayo, nyinyi hamna. Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake. Hakupenda kuulizwa, na kwetu mtaani Oli tumelelewa tusimchokonoe mtu asiyetaka kuchokonolewa. Nitasema niliyoyaona kwa macho yangu. Nitasema pia habari ya neno moja alilopaswa kumwambia mama mmoja wa Dranya, neno alilolimeza miaka minne, likamkaa kooni mpaka hata sauti yake ikabadilika.

Kazi yetu ilikuwa kukamata popo, wa porini na wa mapaani. Tulichukua ute wa mdomoni, kinyesi, na tone la damu kwenye bawa, tukawapima uzito ndani ya mfuko wa kitambaa, tukawaachia waende. Sampuli zilikwenda mbali, kwenye mashine kubwa, zikatafutwe virusi: popo gani anabeba nini, wapi, mwezi gani. Mradi ulikuwa na madaktari wake wenye shahada. Walikuja mara mbili kwa mwaka na buti mpya. Siku nyingine zote tulikuwa sisi wawili na pikipiki moja iliyochoka.

Yeye hakuwa daktari. Alianza zamani akitega mbung'o kando ya mito, na vile vitambaa vya bluu, wakati malale yanasumbua watu. Mbung'o walipopungua wakampa popo. "Mimi hapana chagua," aliniambia. "Naambiwa kamata hii, mimi nakamata." Mimi aliniita Karani tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Jina langu alilijua vizuri sana. Nilisoma kwa shangazi yangu Kibera, na Kiswahili changu kilimchekesha. Alisema nazungumza kama redio. Nami nilimwambia chake kimevaa buti za jeshi.

Kuhesabu ndiko kulikomfanya awe yeye. Jua likishuka alikaa juu ya jerikeni lililopinduliwa, mbele ya nyumba tunayoichunguza, akiangalia popo wanavyotoka chini ya mabati. Hakutumia kalamu. Mfuko wa kulia wa ovaroli alijaza karanga. Popo mia wakitoka, karanga moja ilihama kwenda mfuko wa kushoto. Ole wako umsemeshe! Katekista mmoja alimsalimia mara tatu, akapata mkono ulioinuliwa tu kama wa askari wa barabarani, akaenda kutangaza kwamba mzee yule ni mpagani. Wakati huo mzee alikuwa kwenye mia ya sita.

Halafu akimaliza, wallahi, anazila. Hesabu ya jioni nzima anaitafuna. "Andika haraka, Karani. Mimi iko na njaa." Mara mbili nilichelewa, tukarudi kesho yake kuhesabu upya, naye akanilaumu mimi.

Alikuwa mtu wa kukataa. Sijapata kuona mtu anayekataa kama yule. Hakushika mkono wa mtu siku za kazi, alitoa kiwiko. Huku kwetu mtu asiyetoa mkono ni mtu mwenye neno na wewe. Alitoa kiwiko harusini, alitoa kiwiko msibani, alimtolea kiwiko mkuu wa wilaya. Alikataa chai iliyomiminwa wakati mtungi wa sampuli uko wazi. Alikataa kuniruhusu nipande ngazi mpaka mwaka wa nne, na hata hapo nilipanda mara moja akanishusha. "Wewe shika chini. Ngazi inataka mutu wa kushika." Basi nikawa mtu wa kushika ngazi.

Na alikuwa na kinyume chake, kama sisi sote. Aliwatetea popo mbele ya watu mpaka mishipa ya shingo inamsimama: wanakula mbu, wanakula wadudu wa shambani, msiwaue, msiwachome. Lakini nyumba yake ya Oli, kila tundu lilikuwa limezibwa kwa waya na saruji, hata nyoka asingepata pa kupita. Majirani walimcheka. Akajibu, "Kazi mimi nafanya na popo. Kulala, hapana." Aliwahi kuniambia pia kwamba ujanani alikula wale popo wakubwa wa matunda, wa kuchoma. Nikashtuka, nikamuuliza walikuwa na ladha gani.

"Tamu sana," alisema. "Ndiyo maana mimi naogopa."

Siku niliyomwona akicheka mpaka akavua miwani ilikuwa Oraba, mpakani. Tulikuwa na ule mtungi wa sampuli, wenye baridi kali, unaofuka moshi mweupe ukiufungua. Askari wa kizuizini akataka kujua umebeba nini. Mzee akamwambia, "Ndani iko baridi tu." Askari hakuamini, akafungua kifuniko mwenyewe, moshi ukamwagika miguuni mwake. Lo! Bunduki upande huu, kofia upande ule. Wabadilisha fedha wakaacha viti vyao, mawakala wa forodha wakaruka mtaro, dereva mmoja aliyetoka Kaya, upande wa pili wa mpaka, akajifungia kwenye lori lake. Mzee akakaa juu ya mtungi akicheka machozi.

Kicheko hicho kilitutokea puani. Tangu siku ile Oraba walituita gari la ugonjwa, ingawa gari hatukuwa nalo. Mama muuza chakula, aliyetuuzia ugali wa muhogo miaka mitatu, akasema sahani zimekwisha. Zilikuwa zimepangwa nyuma yake tunaziona. Mzee akamwinamia kwa heshima, tukaenda kula mahindi ya kuchoma barabarani. Mimi nilitukana njia nzima. Yeye akasema mama yule yuko sawa, kwamba mtu anayeogopa ana haki ya kuogopa. Ningeweza kumpiga.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana bila hili hamtaelewa lililobaki.

Wale popo wadogo wa mapaani huzaa mvua zinaposhika. Vitoto havina manyoya, haviruki, vinabaki juu ya dari usiku mama zao wakienda kula. Ukitaka kuwatoa popo nyumbani kwako, unaziba matundu wakati wa kiangazi, jioni, wote wakiwa wametoka, na unaacha tundu moja lenye kitambaa kwa wiki nzima, ili waliobaki watoke na wasiweze kurudi. Ukiziba wakati wa mvua umejimaliza. Vitoto vinalia ndani. Mama wanarudi, wanakuta pamefungwa, wanatafuta njia nyingine yoyote: dirisha, mlango, ufa wa ukuta. Wanaingia pale unapolala. Na vitoto vikizidiwa na njaa vinatambaa, vinaangukia chini. Badala ya kukaa juu yako, sasa unakaa nao.

Haya aliyasema kila mwaka. Alizunguka makanisa, shule, msikiti wetu pia, akichora nyumba kwenye ubao kwa chaki, nyumba mbaya kama ya mtoto wa darasa la kwanza, na popo kama alama za kujumlisha. Watu walikuja na maombi yao, na jibu lake lilikuwa moja, mwezi wa nne, mwezi wa tano, mwezi wa sita: "Hapana. Vitoto iko ndani. Mimi nakuja wakati ya jua." Walimwahidi kuku. Walimwahidi mbuzi. Hapana. Mchungaji mmoja aliyenyewa na popo akiwa madhabahuni alimfuata mpaka Oli kumsihi. Akampa kiti, akampa maji, akamkatalia.

Mwaka wa yale ya Dranya mkutano ulikuwa kwenye shule moja karibu na Koboko. Mwalimu mkuu alikuwa na madarasa mawili yanayonuka mikojo ya popo hata watoto wanasomea nje. Aliomba, akakataliwa. Akasimama mbele ya wazazi wote, akasema kwa sauti, "Huyu mzee anapenda popo kuliko watu. Popo wakizaa anawaonea huruma. Watoto wetu wakiugua atakuja kuwachukua damu aandike."

Watu wakapiga makofi. Nilimtazama mzee nikitegemea ataropoka, maana alikuwa na mdomo akitaka. Akafuta ubao wake taratibu. Njiani, nyuma ya pikipiki, aliniuliza, "Karani, ni kweli?" Nikamwambia asinichoshe, mwalimu yule ni mjinga. Lilikuwa jibu la mtu aliyechoka, na ningejua linakokwenda ningesimamisha pikipiki tukalizungumza.

Dranya tulikuwa na nyumba yetu, nasema yetu kwa sababu ya mama mwenye nyumba. Mjane. Kiswahili chake alikitoa Kongo, walikokimbilia zamani vita vilipowafukuza. Nyumba yake ya matofali ilikuwa na popo kuliko zote tulizozihesabu, na kwa miaka saba alituruhusu tuwasumbue na yeye tumsumbue. Alitupikia mboga za majani zilizoungwa kwa simsim, alinitengea maji ya udhu bila kuambiwa. Mwezi wa mfungo alinifungia chakula kwenye majani ya mgomba nikafungulie njiani. Mzee alimheshimu. Kwake tu ndiko nilimwona akivua kofia kabla hajaingia uani.

Alikuwa na binti mmoja baada ya wana wanne, Kiden. Kiden aliolewa Oraba, na mwaka ule akarudi kwa mama yake kujifungua mimba ya kwanza. Alilala chumba cha ndani, dari yake ya mikeka ya mafunjo, imelowa na kuinama kwa kinyesi cha miaka. Mikojo ilidondokea kitandani. Mama akamwita mzee kando, mimi nikiwa palepale.

"Dokta," alisema, maana ndivyo alivyomwita mzee, "mi nakuomba. Mutoto atazaliwa humu. Nifungie haya matundu."

Ulikuwa mwezi wa nne. Mvua zilikuwa zimeshika.

Nilianza kufunga daftari, maana jibu nililijua. Mzee akatazama paa. Akamtazama Kiden, aliyekuwa amesimama mlangoni ameshika kiuno. Kisha akasema, "Sawa, mama. Leo jioni."

Niliinua uso. Hakunitazama.

Popo walitoka, akahesabu, karanga kumi na moja. Kisha akapanda na saruji na waya. Matundu saba. Mimi nilikuwa chini. Ilikuwa Ramadhani, nilikuwa nimefungua kwa maji na tende mbili tu, nina kichwa kinachogonga, nataka tushike barabara kabla giza halijaiva. Kwenye tundu la tatu nilivisikia. Vinalia kwa sauti nyembamba, vingi, na yeye sikio lake lilikuwa karibu kuliko langu. Mkono wake ulisimama. Nilidhani atashuka. Akachota saruji nyingine. Nami nikaandika tarehe, nikaandika idadi ya matundu, nikafunga kalamu. Hata kitambaa cha tundu la mwisho hakuweka.

Siku ya nne mama alipiga simu. Tulifika asubuhi. Sitaki kukieleza sana kile chumba. Mama popo walikuwa wamening'inia kwenye chandarua, ndani na nje, na sakafuni vitoto, vya waridi, vingine bado vinajongea. Kiden alikuwa ameviokota usiku kucha na vipande vya kanga yake, akaviweka kwenye beseni. Vidole vyake vilikuwa na alama za meno madogo. "Naona huruma," alituambia, akicheka kwa aibu. "Nyinyi ndiyo mlisema tusiue." Alikuwa na tumbo la miezi minane, na alikuwa ameviwekea kitambaa vilalie.

Mzee alimwosha mikono yeye mwenyewe, mpaka viwikoni, kwa sabuni, mara tatu, bila glavu. Siku ya kazi, akamshika mtu mikono. Kisha akapanda akabomoa saruji yote aliyoiweka.

Wiki tatu baadaye homa ilimshika Kiden. Siku ya pili akaanza kutoka damu. Alipelekwa hospitali, mtoto akazaliwa mfu, naye akafuata kesho yake. Wakaja watu wenye mavazi meupe ya kujifunika mwili mzima, wakamzika wao, kwenye mfuko. Mama yake hakumwosha. Hakumgusa. Alisimama mbali, nyuma ya kamba, akiita jina lake, na mimi nilisimama naye, nikimshika bega nikiwa nimevaa glavu. Glavu zile sijazisahau mpaka leo.

Damu ya Kiden ilipelekwa kwenye zile mashine. Majibu yakaja: hakuna. Hakuna virusi walivyovitafuta. Nilimpelekea mzee karatasi nikikimbia, nikasema, alhamdulillahi, hukumwua, tazama, labda ilikuwa malaria, wajawazito wangapi wanakufa kwa malaria hapa? Aliisoma mara mbili.

"Wanasema hapana ile walitafuta," alisema. "Ile hawajui jina yake, watatafuta namna gani?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hatujui, Karani. Labda malaria. Labda mimi."

Hapo ndipo alipoanza kuisha. Aliendelea na kazi, lakini katika mikutano hakuchora tena ubaoni. Alinipa chaki mimi. Sauti ikawa ya kukwaruza. Dranya tulikwenda mara mbili kila mwaka, na mama alitupokea vilevile, majani na simsim, maji yangu ya udhu. Alimshukuru mzee kwa kumwosha mwanawe mikono. Kila alipomshukuru niliona taya la mzee likijifunga. Nilijua anachotaka kusema: mama, nilijua vitoto vimo ndani, nikaziba. Na kila mara tulipanda pikipiki tukaondoka hajalisema. Njiani nilishusha pumzi. Nadhani mnanielewa kwa nini.

Kisha mradi ukaisha. Madaktari wa buti mpya walitupa cheti kila mmoja, wakapiga picha. Mzee akarudi Oli na ugonjwa wa sukari ukamwandama miguuni. Nilikuwa namtembelea Ijumaa baada ya swala, namletea kisra, ile mikate myembamba ya mtama, tunagombana kuhusu dawa zake.

Mwaka huu, mwezi wa pili, akanipigia simu asubuhi. "Karani. Iko kazi."

Nikafikiri akili imemruka. Nikamkuta amekaa mlangoni amevaa ovaroli iliyofuliwa, mguu mmoja umefungwa bendeji, na gari la kukodi limeshaitwa.

"Twende Dranya," alisema.

Nilijua mara moja. Nikamjia juu. Nikamwambia ana wazimu, kwamba miaka minne imepita, kidonda cha mama wa watu kimeanza kufunga, yeye anakwenda kukitonesha ili yeye apate kulala. Nikamwambia ni ubinafsi. Nikamwambia majibu yalisema hakuna. Nilisema mengi, na kwa ukali, na yote kwa jina la yule mama. Alisubiri nimalize.

"Wewe bakia kama unataka," alisema. "Mimi nitapata mutu mwingine ya kunishika."

Basi nikaingia garini. Ningefanyaje?

Mama alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka anabambua karanga, ungo mbele yake. Amekonda. Alifurahi, akataka kuinuka kuchinja kuku, mzee akamzuia kwa mkono. Nikamsaidia kukaa kwenye kiti. Alivua kofia. Hakuzunguka wala hakuanza na habari za shamba.

"Mama, ile siku mimi naziba matundu, vitoto ilikuwa ndani. Mimi najua. Mimi nasikia inalia. Mimi naziba." Akapumua. "Ile popo kuingia kwa chumba ya Kiden, ni mimi naleta. Kama ni ile inamuua, mimi hapana jua. Lakini kuleta, ni mimi. Nakuja kukwambia."

Mama aliendelea kubambua. Karanga moja, mbili, tatu. Nilisikia maganda yakivunjika. Kisha mikono yake ikasimama.

"Na mimi nalijua," alisema.

Mzee hakuelewa. Wala mimi.

"Kila mwaka unasema pale kanisani, dokta. Wakati ya mvua hapana ziba, vitoto iko ndani, watashuka kwa kitanda. Mi nalikaa mbele. Mi nalisikia vizuri kabisa. Mi nalijua ni mwezi mubaya."

"Sasa kwa nini uliniomba?" Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa.

"Kiden alinisumbua. Kila siku, mama, mwambie dokta, mama, mwambie dokta. Alitaka kuzalia kwa nyumba yetu. Mi nalitaka aende Koboko kwa dada yangu, kitanda ilikuwa tayari, mi naliitandika na shuka mpya. Hakutaka. Basi nikasema, nitakuomba mbele yake, asikie mwenyewe. Wewe iko mutu ya kukataa. Mchungaji ulimkataa. Nikasema, dokta atakataa, na Kiden atakwenda." Alimtazama. "Kila kitu ilikuwa tayari. Ilibaki tu wewe ukatae."

Mzee akafunika uso kwa kofia yake. Akalia ndani yake. Mama hakumkataza wala hakumbembeleza. Alikuwa anamtazama kama mtu anayetazama nyumba yake mwenyewe ikiungua. Miaka yote minne alikuwa anatupikia na neno hili liko kwake, anangoja, kama sisi tulivyokuwa tunakula chakula chake na letu liko kwetu.

Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe, Karani? Wewe ulijua?"

Ningeweza kusema mengi. Kwamba yeye ndiye alikuwa mkubwa wangu. Kwamba nilikuwa nimeshinda na funga, nina njaa, kichwa kinagonga. Haya yote nilikuwa nimeyapanga kwa miaka minne na nilidhani nayajua kwa moyo.

"Nilijua, mama," nilisema. "Nilivisikia. Nilikuwa nimeshika ngazi."

Mama akasukuma ungo katikati, ukafika kwangu na kwa mzee. Nikachukua karanga nikaanza kubambua. Baada ya muda mzee naye akaishusha kofia, akaweka mkono kwenye ungo. Tukakaa hivyo watatu, tukibambua, mpaka jua likagusa miti. Juu ya vichwa vyetu yale matundu saba yalikuwa wazi, kingo zake bado zina mabaki ya saruji yake. Popo wa kwanza akatoka, kisha wawili, kisha wakaanza kumwagika kama zamani.

Nilimtazama mzee nikingoja. Alikuwa ameinamia karanga zake, anabambua, hakuinua macho. Nikaanza kuhesabu mimi.